Mutinda Alizima Kabla ya Mwisho

Stima ikipotea hapa Kitengela, wenye maduka huwasha jenereta, na mimi hufunga dirisha. Majirani wa ploti hudhani ni kelele ndiyo sipendi. Kelele mimi nasikia nusu tu, kwa sababu sikio langu la kushoto lilikufa nikiwa na miaka kumi. Kile sipendi ni moshi. Moshi wa petroli ukichanganyika na harufu ya mifupa inayochemshwa kwa bucha ya hapo chini, mimi siko Kitengela tena. Niko Kisaju, nimekaa kwa simiti baridi ndani ya chumba cha nyuma cha bucha ya mzee Parsaloi, mbele yangu kuna runinga ndogo kama mkebe wa biskuti, na ninacheka.

Nilicheka sana, mtoto mimi. Hilo ndilo nataka kueleza.

Aliyenirudisha huko mwezi uliopita ni Nasieku, binti ya huyo mzee Parsaloi. Ni rafiki yangu tangu tukiwa mapengo. Sasa ni mjane, anakaa hapa Kitengela na binti yake wa mwisho, Silantoi. Kuna kitu kimoja Nasieku hufanya ambacho hakuna mtu mwingine hufanya. Hukaa kulia kwangu. Kanisani, sokoni, kwa mazishi, atasukuma watu mpaka afike upande wa sikio zima. Hata mtoto niliyemzaa husahau. Nasieku hajawahi kusahau, na kwa hilo nilimpenda miaka yote kuliko ndugu.

Alinipigia simu siku ya Alhamisi.

"Mbithe, kuja Jumapili tukitoka kanisa. Silantoi amepata ile video yetu."

"Video gani?"

"Ile ya Wahindi! Ya msichana wa jikoni! Nimeimbia simu ule wimbo mpaka simu ikaujua. Kuja tucheke kidogo kabla tufe."

Nikacheka hapo hapo. Halafu sauti yake ikashuka.

"Na pia niko na shida. Silantoi amepata kazi ya unesi, lakini ni huko Lodwar. Anataka kwenda. Mimi nikiongea ananiambia nimezeeka. Wewe anakusikia. Umwambie akae, Mbithe. Nitabaki kwa hii nyumba nikiongea na kuku?"

"Nitamwambia," nikasema. Siku hiyo ningemwambia lolote, kama ni Nasieku ameomba.

Sasa nirudi nyuma, na nitataja majina, kwa sababu waliotenda walikuwa na majina. Mama yangu alipokufa, baba yangu, Musyoka, alinileta Kisaju kwa dadake akasema ni wiki mbili. Akaenda akaoa Makindu. Hizo wiki mbili zilikuwa miaka tisa. Dadake ni shangazi Kalekye, na Kalekye alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara ya Namanga, mahali malori husimama watu wale. Nilifika nikiwa darasa la tatu, na darasa la tatu ndipo nilipoachia shule. Ndiyo maana mkiona nimeandika vibaya, mjue ni nani wa kulaumu. Nilikuwa nateka maji kwa pampu, mtungi mgongoni na kamba kwa kipaji cha uso kama mama zetu wa Ukambani. Nikiteka naosha sufuria, nikiosha nakanda unga. Mwiko wa Kalekye ulikuwa wa mti mgumu, mrefu kama mkono wake. Wa kusonga ugali na wa kunisonga mimi ulikuwa huo mmoja.

Jumamosi mchana, soko likipoa, Mutinda alikuwa akileta video. Nyinyi wa rika langu mnawakumbuka watu kama Mutinda. Alikuwa na runinga, mashine, jenereta na kanda nne, na alizungukia vituo na hizo hizo nne mpaka tukazijua kama sala. Kwa kuwa kanda zilikuwa za Kihindi, yeye alisimama kando ya runinga na fimbo ya kuchungia, akituonyesha nani ni nani na kututafsiria. Alisema Kihindi alikijua, aliwahi kupakia magunia kwa duka la Mhindi. Hakuna aliyemuuliza ni Kihindi gani mtu hujifunza chini ya gunia. Tulimwamini kama tunavyomwamini anayesoma Biblia mbele.

Ile tuliyoipenda zaidi ilikuwa ya msichana wa jikoni. Msichana mwembamba, nywele zimesukwa msuko mmoja mpaka kiunoni, na bibi mwenye nyumba mnene kama ghala. Msichana akiangusha kitu, bibi anampiga upawa kichwani, na upawa unalia kama kengele, ngilii! Hapo muziki unaanza. Sufuria zinacheza, vijiko vinacheza, na msichana naye anazunguka akiimba, anacheka na meno yote. Akimaliza kuzunguka, ngilii! nyingine. Chumba kizima kilikuwa kinaanguka kwa vicheko. Shangazi Kalekye alikaa kwa benchi la mbele na bakuli lake la supu, akicheka mpaka supu inamwagika.

"Hapa anasema nini, Mutinda?" watu wanauliza.

"Anasema: Nipige, bibi, nipige! Mkono unaonipiga ndio mkono unaonilisha!"

"Weeee! Sema tena!"

Mwisho, msichana anaonekana mlangoni. Bibi hayuko. Msichana ameinua shada la funguo juu ya kichwa, muziki umepanda, machozi yananitoka hata sijui kwa nini. Mutinda anagonga sakafu na fimbo.

"Oneni ufunguo! Oneni! Amevumilia, ameachiwa nyumba! Nyinyi wasichana mmeona? Mvumilivu hula mbivu!"

Halafu, pap, runinga inakuwa nyeusi. "Petroli imeisha! Kila mtu kwao!"

Kila Jumamosi petroli iliisha hapo hapo. Sikuwahi kushangaa. Mtoto hashangai kitu kinachofanyika kila wiki.

Mimi nilienda nyumbani na jambo moja kwa kichwa: kumbe kupigwa ndiyo njia. Huyu msichana hakulia, hakukimbia, alicheza, na mwisho akapewa nyumba na bibi akaondoka. Nilianza kuangalia ufunguo wa hoteli ya Kalekye, ulivyoning'inia kwa kamba nyekundu shingoni mwake, kama mtu anavyoangalia embe ambalo halijaiva. Nikasema, langu ni kungoja.

Kwa hivyo aliponipiga mwiko siku iliyofuata, nilizunguka. Nikacheza kama yule, mikono juu, nikaimba ule wimbo kwa maneno yasiyokuwa maneno. Kalekye alibaki kinywa wazi. Madereva waliokuwa wakila wakapiga meza kwa vicheko, na mmoja akaagiza chai ya pili ili aone tena. Hapo Kalekye akafunga kinywa, akaelewa.

Kuanzia siku hiyo nikawa video ya hoteli. Lori likisimama, unasikia dereva akiuliza kabla hata hajanawa mikono, "Mama, leo hakuna sinema?"

"Iko. Mbithe! Kuja hapa. Umeunguza ugali?"

"Hapana, shangazi."

"Utaunguza."

Pa! Na mimi nazunguka. Alikuwako dereva mnene, Wekesa, mtu wa Bungoma, ambaye alikuwa mzee wa kanisa kwao. Aliwahi kunionyesha picha ya binti zake wamevaa sare za shule. Huyo alikuwa akisema na mdomo umejaa chapati, "Piga tena, mama, wimbo haujaisha!" Na dirishani, akinipigia mdundo kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, alikuwa Nasieku. Alipiga vizuri. Alijua mahali ngilii inaingia.

Sikumlaumu. Nilidhani sisi wote tunasukuma gari moja, tunalisukuma lifike kwa ufunguo.

Mjomba Kimeu alikuja mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi. Ni kakake mama, mtu maskini kutoka Mwala, aliyekuwa na kofia moja na koti moja. Mtu fulani wa kwao alipita na lori, akala kwa hoteli, akaniona nikicheza, akaenda akasema. Mjomba hakunywa chai. Alisimama kwa mlango akaniita.

"Mbithe, fungasha nguo. Twende kwa nyanyako."

Sikuwahi kumwona Kalekye akiogopa ila siku hiyo. Alikuwa amegeuka mdogo. Alisema tu, "Muulize mwenyewe kama anataka."

Mjomba akachuchumaa mbele yangu. "Unataka kukaa hapa?"

Nikamwambia, "Ngoja kidogo." Nikakimbia nyuma ya bucha, kwa tangi la maji, ambako Nasieku alikuwa akiosha matumbo ya mbuzi.

"Mjomba amekuja kunichukua. Niende ama nikae?"

Nasieku hakuniangalia. Alikuwa akichora mchanga na kidole cha mguu. Hicho kidole nakiona mpaka leo.

"Kaa," akasema. "Si unajua mwisho? Msichana wa jikoni hupewa ufunguo. Ukienda sasa utakuwa umepigwa bure."

Utakuwa umepigwa bure. Mtu wa miaka kumi aniambie maneno mazito hivyo, ningeyapinga na nini? Nilirudi nikasema nitakaa. Mjomba akanishika mkono, akaangalia mahali mafuta yaliniunguza, akauliza kama niko na hakika. Nikamwambia, "Hapa napendwa." Alivaa kofia yake akavuka barabara. Kule Mwala walisema mtoto wa dada yao amezoea chapati za barabarani, amedharau kwao. Hakuna aliyekuja tena. Nyanya alikufa na mimi sikuambiwa.

Gari alilopanda mjomba halikuwa hata limepotea kwa macho wakati Kalekye aliniita jikoni.

"Ulikimbia wapi?"

"Kumuuliza Nasieku."

"Kwa hivyo ulikuwa unafikiria! Mtu akiulizwa kama anataka kukaa kwao, anafikiria?"

Siku hiyo hakushika mwiko. Alishika upawa wa chuma, ule wa supu. Ulinipata kando ya kichwa, na ndani ya sikio kitu kikapasuka kama punje ya mahindi kwa moto, na hapo nikasikia kengele. Kweli kabisa, ngilii, kama ile ya video. Na mimi, mjinga wa watu, nikainua mikono nikacheza. Damu inashuka shingoni na mimi nacheza. Kengele haikunyamaza siku tatu. Iliponyamaza, kila kitu cha upande huo kilinyamaza nayo.

Ufunguo? Nitawaambia kuhusu ufunguo. Nikiwa na miaka kumi na saba nilitoka kwa pampu asubuhi, mtungi mgongoni, nikakuta kufuli kwa mlango. Kalekye alikuwa amehamia kwa mwanawe Machakos. Hakuniambia, wala hakuniachia hata sweta yangu, ilikuwa ndani. Nilikaa na huo mtungi wa maji hapo nje mpaka jua likapita kichwani, nikidhani ni hatua ya mwisho, nikidhani mtu ataniletea ufunguo. Siku hizi Kalekye amepofuka, na watu wa kanisa huniambia niende nikamwone. Nimwone wa nini, na yeye haoni? Mutinda naye alikufa. Sikuenda, na sikuchanga.

Sasa hiyo Jumapili. Silantoi alinisalimia kwa heshima, "Takwenya, anti," nikamjibu "Iko," nikamwekea mkono kichwani ingawa amenipita urefu. Aliunganisha simu na runinga kubwa ya ukutani, akamimina chai, akakaa kwa stuli karibu na sisi kwa sababu chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kizungu na ni yeye tu angeyasoma. Nasieku akanisukuma kwa kochi mpaka akapata kulia kwangu.

Ilikuwa ile ile. Rangi zilikuwa zimechujuka kama leso ya zamani, lakini ilikuwa ile. Bibi mnene alipoingia tu Nasieku alianza kupiga meza, na nikajikuta nacheka pia. Wanawake wawili na mvi zao, tunajua kila sufuria itaangukia wapi. Ngilii! Mwili wangu ulishtuka, na kicheko kikaja juu ya huo mshtuko. Vilikuwa vimeshonwa pamoja zamani.

"Hapa anasema nini?" nikamuuliza Silantoi. Nilitaka kusikia ile ya mkono unaonilisha.

Silantoi akasoma, akacheka. "Anasema: Piga leo, mama mnene, miguu yangu bado iko mizima. Kesho utapikiwa na paka."

"Haisemi hivyo," nikasema.

"Ndivyo imeandikwa, anti."

Tukaendelea. Na kila mahali Mutinda alikuwa ameweka shukrani, yule msichana alikuwa akitukana. Alikuwa akimcheka bibi kwa uso video nzima, na bibi hasikii kwa sababu ya muziki. Tukafika mwisho. Kumbe bibi hakuondoka. Msichana alimwambia kuna panya kwa kasha la unga, bibi akainama kutazama, msichana akamsukuma ndani, akafunga, akatoka mlangoni na funguo juu ya kichwa. Nikangoja ile pap. Haikuja. Msichana akashuka ngazi, akavuka ua, akafika kisimani, akazitupa zile funguo ndani ya maji. Hata hakuzitaka! Akatoka kwa geti, akapanda mkokoteni wa ng'ombe, na wimbo uleule ukaendelea, mrefu, barabara nzima, nyumba inakuwa ndogo nyuma yake.

Nasieku alikuwa anafuta machozi ya kucheka. "Woi, hiyo ya unga! Nilikuwa nimesahau hiyo ya unga!"

Nikamgeukia. "Uliionea wapi, uisahau?"

"Si kwa bucha."

"Mutinda alikuwa anazima kwa ufunguo. Petroli inaisha."

"Petroli gani, Mbithe?" Bado alikuwa anacheka. "Mimi na baba tuliiona yote siku ya kwanza, wakijaribu mashine asubuhi. Wenye hoteli walikuwako, na Kalekye alikuwako. Ni yeye alimwambia Mutinda azime hapo. Alisema, wasichana wetu wakiona hiyo, Jumatatu nani atateka maji? Baba akasema ni kweli, azime. Watu walicheka sana..."

Hapo ndipo alisikia kinywa chake. Kicheko kikakatika.

"Kwa hivyo ulijua mwisho," nikasema.

"Mbithe, sisi tulikuwa watoto."

"Siku ya mjomba. Kwa tangi. Nilipokuuliza, ulijua."

Silantoi alikuwa ameshika kikombe, anaangalia mamake, anaangalia mimi. Nasieku alishusha macho. Mguu wake ulikuwa kwa zulia, na nawaapia, kile kidole kilianza kuchora.

"Ungeenda," akasema polepole, "ningecheza na nani?"

Ni hayo tu. Nilikuwa nimebeba Kalekye, Mutinda, Musyoka baba yangu na Wekesa na chapati yake, miaka yote hii, nikidhani orodha imefika mwisho. Jina la mwisho lilikuwa limekaa kulia kwangu, upande wa sikio zima, limekaa hapo karibu miaka arobaini. Na labda ndiyo sababu halikusahau upande.

Silantoi ni mtoto mzuri. Aliona hewa imeharibika, akataka kuibadilisha. Akaweka kikombe chini.

"Anti, Yeyo, mama yangu huyu, ameniambia uko na neno langu la Lodwar. Mimi nimechoka kubishana na yeye. Wewe sema. Niende ama nikae?"

Nasieku aliinua uso. Alinishika mkono kwa nguvu, na mkono wake ulikuwa baridi. Aliniangalia vile mimi nilivyoangalia ile kamba nyekundu shingoni mwa Kalekye.

"Nenda," nikasema. "Hata kesho ukipata gari. Usimuulize mtu mwingine."

"Mbithe!"

"Nenda, mwanangu. Na usirudi kwa sababu mtu analia."

Nyinyi mnaosoma, msinisifu. Lodwar siijui, sijui kama huko kuna maji, na huyo msichana kwaheri yake itaniuma hata mimi. Sikusema kwa ajili yake. Nilisema ili niuone uso wa Nasieku wakati anasikia, na niliuona, na ulikuwa mtamu.

Akaanza kulia. "Na mimi? Mimi nitabaki na nani?"

Niliinuka na kikombe changu. Nikampita mbele, nikakaa upande wake ule mwingine wa kochi, yeye sasa akawa kushoto kwangu. Nikaegemeza shavu la kulia kwa kiganja, sikio zima likazibika. Nasieku akanigeukia akaongea, akaongea sana. Nilikuwa namwona. Mdomo unaenda, mikono inaenda, machozi yanashuka, na kwangu hakuna kitu, kama runinga ambayo Mutinda ameizima.

Nikanywa chai yangu mpaka ikaisha.